Maswali ya Wasomaji: Fumbo la Vipande la Majengo Mashuhuri ya Dunia

Barua nyingi zilizofika kwenye safu hii mara hii zinahusu jambo moja, nalo ni mafumbo ya vipande, yaani picha zilizokatwa vipande vingi ili zipangwe upya, yanayoonyesha majengo mashuhuri ya dunia, yale ambayo msanifu wa picha huuweka Mnara wa Eiffel, Taj Mahal, piramidi za Giza na Sanamu ya Uhuru chini ya anga moja kana kwamba ni majirani wa mtaa mmoja. Baadhi ya barua zinauliza juu ya kazi ya mezani na nyingine zinauliza juu ya majengo yenyewe. Kwa maoni yangu mambo hayo mawili hayatenganishiki, kwa sababu anayelijua jengo hukipata kipande chake mapema.

Swali: Ndugu Mhariri, nimepewa zawadi ya fumbo la vipande 1,000 lenye majengo mashuhuri ya dunia. Kingo zote nne nilizimaliza bila taabu, lakini sasa nimekwama. Nimebaki na rundo kubwa la vipande vya buluu na rundo jingine la vipande vya rangi ya mchanga, na nikishika kipande kimoja sijui ni cha Colosseum, cha piramidi au cha Ukuta Mkuu wa China. Nianzie wapi?

Jibu: Ndugu yangu, macho yako hayana hitilafu yoyote. Kugawa vipande kwa rangi, ambako ndiko karibu kila mtu huanzia, hufaa sana kwa picha ya bustani au ya mashua baharini, ila kwa picha ya majengo hakufiki mbali, kwa sababu mawe ya Roma, ya Giza na ya China yakishapigwa chapa kwenye kadibodi hutoka na rangi zinazokaribiana mno. Vichanganye tena vipande vyote vya rangi ya mchanga, kisha uvigawe upya kwa kujiuliza jengo limejengwa vipi. Colosseum, uwanja wa kale wa Roma, ni jengo la matao. Ghorofa yake ya chini ilijengwa ikiwa na matao 80 kuuzunguka uwanja, kwa hiyo ni nadra kipande chake kukosa mstari uliopinda au kivuli kizito kilichojificha ndani ya tao. Piramidi haina tao hata moja kwa nje: mistari yake ni ya tabaka za mawe zilizolala, na pale inapokutana na anga ukingo wake hushuka kwa mshazari usiopinda popote. Ukuta Mkuu wa China hupanda na kushuka pamoja na vilima, una meno upande wa juu, na mara nyingi umepakana na kijani. Ukishika kipande cha rangi ya mchanga, basi, usiulize kwanza ni mchanga wa namna gani. Tafuta kama kina upinde, mshazari au jani.

Vipande vya Mnara wa Eiffel vinahitaji rundo lao peke yao, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mnara huo ni wavu wa vyuma na anga huonekana kupitia matundu yake, hivyo kipande chenye buluu tele na vijistari viwili vitatu vya kahawia hutupwa kwenye rundo la anga na kupotelea humo. Kitoe. Ukishavikusanya vyote, tazama unene wa vyuma, kwa kuwa chini ni vipana na vimeachana, na juu ni vyembamba na vimesongamana. Kwa miaka mingi mnara huo umekuwa pia ukipakwa rangi moja kwa vivuli vitatu, kilichokolea kikiwa chini na kilichofifia kikiwa juu, ili anayeutazama kutoka ardhini auone kuwa wa rangi moja mbele ya anga. Kwenye picha iliyochapwa vizuri tofauti hiyo huonekana, nayo husaidia.

Taj Mahal ndiyo yenye hila kuliko yote. Mfalme Shah Jahan aliagiza lijengwe mjini Agra baada ya kifo cha mkewe, Mumtaz Mahal, mwaka 1631, na mafundi wake walilipanga kwa ulinganifu mkali kiasi kwamba ukilitazama kwa mbele nusu ya kulia inakuwa taswira ya nusu ya kushoto. Kila kipande cha marumaru nyeupe kina pacha wake upande wa pili. Kinachowatenganisha mapacha hao ni jua: mapambo yao yamegeuziana, lakini vivuli vyao vyote vimeangukia upande mmoja. Hebu litumie jua hata zaidi ya hapo. Picha za majengo haya hupigwa mahali tofauti na saa tofauti kabla ya kuunganishwa, hivyo inawezekana kivuli cha Colosseum kimeangukia kushoto na cha Taj Mahal kimeangukia kulia, na kipande kisicho na alama nyingine yoyote kinaweza kukuonyesha kwao kwa upande wa kivuli chake tu. Nashangaa kwamba maelekezo yanayochapwa kwenye maboksi hayasemi neno juu ya vivuli.

Kama ningeketi mezani kwako, ningeanza na Kanisa Kuu la Mtakatifu Basil la Moscow, kwa kuwa makuba yake yana mistari iliyojipinda, miraba na rangi ambazo hazirudiwi na jengo jingine lolote pichani, kisha ningeingia kwenye uso wa saa ya Big Ben, ambao hutambulika hata ukiwa kwenye kipande kimoja peke yake. Majengo hayo mawili yakishasimama yatakupa mahali pa kupimia mengine.

Anga iache mwisho. Hapo rangi imemaliza kazi yake, isipokuwa kwa jambo moja, nalo ni kwamba anga hufifia kadiri inavyokaribia ardhi, kwa hiyo tenganisha kwanza buluu iliyokolea na buluu iliyopauka. Baada ya hapo gawa kwa umbo. Kipande cha kawaida cha ndani kina pande nne, na kila upande una ama ulimi ama tundu. Ukivizungusha vipande utakuta kwamba aina zote ni sita tu, yaani chenye ndimi nne, chenye ndimi tatu, chenye ndimi mbili zinazotazamana, chenye ndimi mbili zilizo jirani, chenye ulimi mmoja, na kisicho na ulimi wowote. Vipange safu safu kwa aina zake, tazama nafasi iliyo wazi inadai aina gani, kisha ujaribu aina hiyo peke yake. Kazi hiyo inachosha, sikatai, lakini ina mwisho. Kila kipande kinapoingia, pitisha kidole juu ya kiungo, halafu inua sehemu hiyo uielekeze kwenye taa. Mwanga ukipenya kwenye kiungo kimoja kuliko viungo vingine, kipande hicho si cha hapo, hata kama kimekaa.

Swali: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu wa jiografia. Wanafunzi wangu walihesabu vipande vya fumbo letu la majengo mashuhuri wakapata 1,026, ilhali boksi limeandikwa 1,000. Je, tumechanganyiwa na vipande vya fumbo jingine? Pia ningependa kujua kama mchezo huu unafaa kufundishia somo langu au ni wa kupitishia muda tu.

Jibu: Mwalimu, wanafunzi wako wamehesabu sawasawa na hakuna kilichochanganywa. Fumbo linaloitwa la vipande 1,000 mara nyingi lina safu 27 zenye vipande 38 kila moja, na 38 mara 27 ni 1,026. Kati ya hivyo 126 ni vya pembeni na 900 ni vya ndani. Vivyo hivyo fumbo la vipande 500 mara nyingi lina 513, yaani 27 mara 19. Sababu yake ni umbo la picha. Tuseme picha ina upana wa sentimita 70 na kimo cha sentimita 50, kama zilivyo nyingi. Ukitaka vipande 1,000 kamili unaweza kuigawa mara 40 kwa 25, lakini kila kipande kitakuwa na sentimita 1.75 kwa sentimita 2, yaani kitakuwa kirefu upande mmoja. Ukiigawa mara 38 kwa 27 kila kipande kinakaribia kuwa mraba wenye sentimita 1.85 kila upande, na hapo macho hayawezi kubagua kwa urahisi upi ni wima na upi ni mlalo. Wape wanafunzi wazifanye hesabu hizo wenyewe.

Kuhusu swali lako la pili, ufundishaji wa jiografia ndio ulioupa mchezo huu uhai. Katika miaka ya 1760 John Spilsbury, mchonga ramani wa London, alibandika ramani juu ya ubao mwembamba na kuukata kwa msumeno kufuata mipaka ya nchi, ili watoto wajifunze kwa kuzirudisha nchi mahali pake. Mafumbo ya kadibodi ya bei nafuu, yanayokatwa kwa kalibu ya visu vya chuma badala ya msumeno, yalienea kwa kasi mwanzoni mwa miaka ya 1930 huko Marekani, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Hapo ndipo ilipoingia tofauti ambayo mwalimu hana budi kuiona. Katika fumbo la Spilsbury kila kipande kilikuwa kitu chenye maana, kwani aliyekishika alikuwa ameishika Ufaransa au Hispania. Kalibu ya kisasa haijali picha. Kiwanda hutumia kalibu hiyo hiyo kukata picha nyingi tofauti, na ndiyo maana vipande vya mafumbo mawili ya mtengenezaji mmoja vinaweza kuingiliana. Mwanafunzi aliyeshika kipande cha fumbo lako ameshika nusu ya dirisha na robo ya wingu.

Kuna ubaya mwingine mkubwa zaidi kwa somo lako, kwamba picha yenyewe inapotosha ujirani. Machu Picchu, iliyo kwenye milima ya Peru katika kimo cha mita 2,430 juu ya usawa wa bahari, huchorwa imegusana na Jumba la Opera la Sydney lililo ukingoni mwa maji. Sipendekezi uache kulitumia fumbo hilo, bali uweke ramani ya dunia kando yake, na kila jengo linapokamilika aliyelimalizia aweke alama kwenye ramani na aseme jengo lipo nchi gani, bara gani, na kama msimu wa baridi wa huko unaangukia Januari au Julai. Fumbo litakuwa limekusanya majina, na ramani itayatawanya tena kwenye mahali pake halisi.

Swali: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la sita. Kwenye fumbo letu sanamu ya Kristo Mkombozi ya Rio de Janeiro inatoshana na Mnara wa Eiffel, na jengo la Burj Khalifa limeyazidi kidogo tu. Je, ndivyo yalivyo kweli?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Sivyo yalivyo. Msanifu alitaka kila jengo lionekane vizuri, kwa hiyo yaliyo madogo aliyakuza na yaliyo makubwa akayapunguza. Sanamu ya Kristo Mkombozi, iliyozinduliwa mwaka 1931, ina kimo cha mita 30, na ukiongeza kiweko chake cha mita 8 unapata mita 38; inaonekana kubwa sana kwa sababu imesimama juu ya kilele cha mlima Corcovado, wenye zaidi ya mita 700. Mnara wa Eiffel una mita 330 pamoja na antena yake. Burj Khalifa iliyoko Dubai ina mita 828, kwa hiyo ingebidi uipandanishe Minara ya Eiffel miwili na nusu ili kuifikia.

Ukitaka kuona ukweli kwa macho, kata ukanda wa karatasi kwa kila jengo, na kila mita 10 uifanye sentimita 1. Kristo Mkombozi na kiweko chake watakuwa na sentimita 4 kasoro kidogo. Mnara wa Pisa, ambao una kama mita 56, utapata sentimita 5 na nusu, Taj Mahal yenye mita 73 itapita 7 kidogo, na Sanamu ya Uhuru ikiwa juu ya kiweko chake itakuwa na sentimita 9.3, karibu sawa na mnara wa Big Ben wenye 9.6. Mnara wa Eiffel utakuwa na sentimita 33 na Burj Khalifa karibu 83. Vibandike ukutani vyote vikianzia mstari mmoja wa chini. Ukuta Mkuu wa China usiujaribu kwa urefu wake: vipimo vilivyotangazwa na serikali ya China mwaka 2012, ambavyo vilijumlisha kuta na mahandaki ya enzi zote, vilifikia kilomita 21,196, na kwa kipimo chetu ungehitaji ukanda wa karatasi wenye kilomita 21.

Swali: Mhariri, mjukuu wangu ameniuliza jambo ambalo sikuweza kumjibu. Anataka kujua kama kati ya majengo haya kuna lolote ambalo lenyewe liliwahi kuwa vipande vya kupangwa. Nimwambie nini?

Jibu: Mzee wangu, shikamoo. Mwambie kwamba yapo, na swali lake limenifurahisha kuliko yote yaliyofika.

La kwanza ni Sanamu ya Uhuru. Mchongaji Frédéric Auguste Bartholdi aliitengeneza Ufaransa kwa mabati ya shaba nyekundu yenye unene wa milimita 2.4 hivi, yakining'inia juu ya kiunzi cha chuma kilichobuniwa na Gustave Eiffel, yule yule wa mnara. Ilisimamishwa nzima mjini Paris, kisha ikafunguliwa na kusafirishwa kwa meli hadi New York ikiwa vipande 350 ndani ya masanduku 214. Ilifika Juni 1885, lakini kiweko chake kilikuwa bado hakijakamilika, hivyo masanduku yakakaa yakingoja. Ilizinduliwa tarehe 28 Oktoba 1886. Ile rangi ya kijani ambayo mjukuu wako anaitafuta kwenye vipande haikuwepo siku hiyo. Ni kutu ya shaba iliyokuja taratibu kwa miaka, nayo ndiyo inayoikinga shaba iliyo chini yake.

La pili ni Mnara wa Eiffel, uliojengwa kati ya 1887 na 1889 kwa vipande 18,038 vya chuma na ribiti milioni 2.5, yaani pini za chuma za kuungia vipande. Vipande vilichorwa kimoja kimoja na kutobolewa kiwandani nje kidogo ya Paris, na kazi iliyobaki pale ulipojengwa ilikuwa kuviunganisha. Kipande kilichokataa kuingia hakikugongwa wala kutobolewa upya papo hapo, bali kilirudishwa kiwandani. Ningependa kila mwenye tabia ya kukandamiza vipande kwa kidole gumba aisome habari hiyo.

Jumba la Opera la Sydney lililofunguliwa mwaka 1973 lina historia nyingine. Mapaa yake yaliwasumbua wahandisi kwa miaka, kwa sababu kila paa lilikuwa na mkunjo wake na lingedai kalibu yake, mpaka mbunifu Jørn Utzon alipopendekeza mapaa yote yakatwe kutoka kwenye uso wa tufe moja. Tangu hapo mbavu za zege ziliweza kufinyangwa kwa kalibu zinazorudiwa, na vigae zaidi ya milioni moja vikapangwa juu yake. Ukivichunguza vipande vya fumbo vya mapaa hayo utaona kwamba mikunjo yake yote inafanana, jambo ambalo ni baya kwa mpangaji na lilikuwa neema kwa wajenzi.

Lakini lililokuwa fumbo la vipande kwa maana kamili ni Hekalu la Abu Simbel la Misri. Ramses wa Pili alilichongesha ndani ya mwamba katika karne ya 13 kabla ya Kristo, na katika miaka ya 1960 maji ya bwawa la Aswan yalikuwa yanakuja kulifunika. Chini ya kampeni iliyoongozwa na UNESCO, kati ya 1964 na 1968, mahekalu mawili ya hapo yalikatwa kwa msumeno kuwa vipande zaidi ya 1,000, vingine vikiwa na uzito wa tani 20 hadi 30, kila kimoja kikapewa namba, na vyote vikapangwa upya mahali palipo juu zaidi kwa mita kama 65. Na vilipangwa kwa usahihi, maana jua bado huingia mpaka chumba cha ndani kabisa mara mbili kwa mwaka, mwezi Februari na mwezi Oktoba, kama wajenzi wa kale walivyokusudia.

Swali: Mhariri mpendwa, mimi na mume wangu tunabishana. Kwenye picha ya Giza kuna piramidi yenye kofia ya mawe laini kileleni, nayo inaonekana ndefu kuliko nyingine. Yeye anashikilia kwamba hiyo ndiyo Piramidi Kuu ya Khufu, nami nina shaka. Isitoshe, ananiona mdanganyifu kwa kuwa ninatazama kifuniko cha boksi.

Jibu: Mama, shaka yako ni ya haki. Piramidi yenye kofia ni ya Khafre. Piramidi zote mbili zilifunikwa zamani kwa mawe laini ya chokaa nyeupe, ambayo baadaye yaliondolewa, na mabaki ya wazi zaidi yako kileleni kwa Khafre. Inaonekana ndefu kwa kuwa imejengwa juu ya mwamba ulioinuka kwa mita 10 hivi kuliko ule wa jirani yake. Piramidi ya Khufu ilikuwa na mita 146.6 ilipokamilika na leo imebaki na karibu 138.5 kwa kuwa kilele chake kimekatika. Ya Khafre leo ina mita 136 hivi. Kwa kazi yenu ya mezani hiyo ni msaada mkubwa: kipande kinachoonyesha mahali mawe laini yanapokoma na mawe ya ngazi yanapoanza ni cha Khafre, na kilele butu kama kilichokatwa ni cha Khufu.

Kuhusu kifuniko cha boksi, kitazame. Kimewekwa picha kwa ajili hiyo.

Swali: Mhariri, nina mafumbo matatu ya majengo mashuhuri kutoka kwa watengenezaji tofauti, na katika yote Mnara wa Eiffel umeonyeshwa mchana, ingawa watu husifu zaidi uzuri wake wa usiku. Kuna sababu?

Jibu: Ndugu msomaji, sababu mojawapo ni ya kisheria. Umbo la mnara halina tena hakimiliki. Gustave Eiffel alifariki mwaka 1923 na muda wa ulinzi ulikwisha zamani. Taa ni jambo jingine. Mpangilio wa taa za rangi ya dhahabu uliobuniwa na Pierre Bideau uliwashwa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 1985, na taa za kumetameta ziliongezwa kwa ajili ya kuukaribisha mwaka 2000. Nchini Ufaransa mpangilio huo huhesabiwa kuwa kazi ya sanaa inayolindwa, na kampuni inayouendesha mnara hudai kibali kwa matumizi ya kibiashara ya picha za usiku. Mtu anayepiga picha kwa kumbukumbu yake hana la kuogopa, lakini fumbo linalouzwa ni biashara, na mtengenezaji asiyetaka kuomba kibali huchagua picha ya mchana. Sitasema kwamba hiyo ndiyo sababu ya kila mtengenezaji, kwa maana kuna pia sababu ya kisanii: mnara unaowaka taa hauwezi kukaa kando ya piramidi inayochomwa na jua la adhuhuri bila picha nzima kuonekana ya uongo. Uongo wa kuyaweka majengo hayo kando kwa kando tumekwisha kuuzoea.

Swali: Ndugu Mhariri, fumbo letu limekamilika isipokuwa kipande kimoja, nacho ni cha katikati ya uso wa Sanamu ya Uhuru. Tumetafuta chini ya meza na ndani ya boksi bila mafanikio. Je, kuna la kufanya?

Jibu: Lipo. Kabla ya yote kagua mikono ya masweta, mikunjo ya viti na mfuko wa mashine ya kufagilia, kisha pindua vipande vyovyote vya ziada mlivyonavyo, kwa sababu wakati mwingine vipande viwili hubaki vimegandamana tangu kiwandani. Mkishindwa, mwandikieni mtengenezaji na kumtajia namba iliyochapwa kwenye boksi. Baadhi yao hukubali kutuma kipande au boksi jingine. Tahadhari moja: kalibu huwa ile ile, lakini karatasi ya picha inaweza kuwa imekaa tofauti kidogo chini yake, hivyo kipande kutoka boksi jingine huenda kikaingia vizuri huku pua ya sanamu ikiwa imesogea milimita moja.

Njia ya mwisho ni kukitengeneza wenyewe. Piga picha ya kifuniko cha boksi kwa kamera ukiwa umesimama sawa mbele yake, pima upana wa picha ya kifuniko na upana wa fumbo, kisha uikuze kwa uwiano huo. Kifuniko chenye sentimita 35 kwa fumbo lenye sentimita 70 kinahitaji kukuzwa mara mbili. Weka karatasi nyembamba juu ya pengo, usugue kwa penseli iliyolazwa mpaka umbo litokee, na ulihamishie kwenye kadibodi yenye unene sawa na wa vipande vingine. Bandika picha kwanza na kukata baadaye, kwa wembe mkali badala ya mkasi, maana mkasi huponda kingo za ulimi. Kingo nyeupe zitakazobaki zipake penseli ya kijani iliyopauka. Ikiwa mna nia ya kuligandisha fumbo zima kwa gundi na kulitundika, fanyeni kazi hii kabla ya gundi, kwa sababu gundi ikishaingia kwenye pengo na kukauka, kipande kipya hakitakaa sawa na wenzake.